Hivi kwa nini nyumba za umma zikivunjwa zijengwe upya, waliokuwa wanakaa hawarudi?

#1 BlokC
Habari wakuu. Kuna kitu nakisoma huku na kule naona kila mtu ana jibu lake. Nyumba za umma, yale maghorofa ya kupangishia watu wa kipato cha chini, zikichoka inaletwa ramani ya rangi rangi, mnaambiwa wote mtarudi, zinavunjwa. Miaka kumi baadaye ukienda kuwatafuta waliorudi utawahesabu kwa vidole. Chukua Heygate pale London, ilikamilika 1974, nyumba zaidi ya 1,200, wakaibomoa kati ya 2011 na 2014, na mpango mpya uliopitishwa ulikuwa na nyumba kama 2,500 lakini za kodi ya chini kabisa kama zile za mwanzo 82. Yani themanini na mbili. Sasa nauliza, hii ni makusudi, au hesabu tu zinakataa, au majengo yalikuwa yameoza kweli na hakuna namna? Nataka wanaojua, matusi mkaweke uzi mwingine.

#2 Kiti Moto
Nipo siti ya mbele, nimeshavua viatu.

#3 Jabali
Mkuu jibu ni jepesi, ghorofa refu na watu wa kipato kidogo haviendi pamoja, full stop. Kasome Pruitt-Igoe ya St. Louis huko Marekani, majengo 33 ya ghorofa 14, mchoraji Minoru Yamasaki huyo huyo aliyechora World Trade Center, yamefunguliwa 1954 na 1972 wanayalipua kwa baruti. Miaka 18! Mbunifu mzuri, zege zuri, halafu mambo yakaenda mrama. Mtu anataka mlango wake unaotazama barabara, basi.

#4 Karani Mstaafu
Jabali ghorofa zilikuwa 11 siyo 14, na walianza kulipua Machi 1972 wakamaliza 1976. Ila majengo 33 uko sahihi, nyumba 2,870. Na hujataja kitu kinachochekesha kwa uchungu, lifti zake zilipangwa zisisimame kila ghorofa, zinasimama ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10, anayekaa ya 6 ashuke ya 7 afu atembee ngazi kurudi chini. Waliita ubunifu. Kwenye ngazi hizo ndo watu walikuwa wanaporwa.

#5 Jabali
Sawa 11, sikusoma vizuri. Hoja iko pale pale tena umenisaidia na lifti.

#6 Zuwena wa Ngazi
Hoja haiko pale pale. Karl-Marx-Hof ya Vienna ilikamilika 1930, jengo lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, nyumba 1,382, ya umma tangu siku ya kwanza mpaka leo, wamekuja kuikarabati kati ya 1989 na 1992 na watu wanapanga foleni kuingia. Kama ukubwa wa jengo ungekuwa sumu ile ingekufa kabla hujazaliwa. New York nayo ina nyumba za umma zaidi ya 170,000, nyingi kwenye maghorofa marefu, zina matatizo kibao ya ukungu na lifti lakini zimesimama na watu wamo.

#7 Jabali
Vienna ile siyo mnara dada yangu, imelala kama treni. Unanichanganyia madesa.

#8 Fundi Bomba
Mimi siyo msomi ila nimekaa ndani ya shimo la mabomba ya maghorofa ya umma miaka 22 kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Jengo linazeeka kwa ndani kabla ya nje. La kwanza kufa ni bomba la wima la maji taka, lile linaloteremka kutoka juu mpaka chini likipita nyuma ya choo cha kila nyumba. Likitoboka ghorofa ya 5 huwezi kubadilisha kipande cha ghorofa ya 5 peke yake ukasema umemaliza, maana lote lina umri mmoja, ukikaza hapa linatoboka pale. Kulibadilisha lote unatakiwa uvunje ukuta wa kila nyumba kwenye mstari ule, watu kumi na moja wakubali siku moja, na mmoja kasafiri na funguo. Kinachofanyika kila mwaka ni kiraka. Halafu maji yanayovuja yanafika kwenye zege. Zege lenyewe kadiri miaka inavyokwenda linapoteza ule ukali wake unaolinda nondo, hewa inaingia polepole, nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba inabandua zege. Ukiona plasta ya baraza inadondoka vipande ujue kutu iko ndani muda mrefu. Sasa hapo inatibika, msidanganywe, unachimbua, unasafisha nondo, unaziba kwa mota maalumu. Shida unatakiwa uifanye mapema. Ukisubiri miaka 30 anakuja mtu wa suti anapiga hesabu anakuambia kukarabati ni ghali kuliko kuvunja, na kwa siku hiyo yupo sahihi kabisa! Ila nani alisubirisha?

#9 Kiti Moto
"mmoja kasafiri na funguo" 😂😂 huyo ni jirani yangu wa juu kabisa. Na akirudi anaburuza kabati saa nane usiku.

#10 Mhasibu wa Zamani
Fundi Bomba kauliza nani alisubirisha, nijibu kwa daftari. Marekani chini ya sheria ya nyumba ya 1949 serikali kuu ilikuwa inagharamia kujenga, ila uendeshaji na matengenezo mamlaka ya mji ijitegemee kwa kodi za wapangaji. Hapo mwanzo wapangaji walikuwa na ajira, kodi ikatosha. Wenye kazi wakahama, wakabaki wenye shida zaidi, mapato yakashuka huku bei za vifaa zinapanda. Mamlaka zikapandisha kodi, wengine wakawa wanalipa mpaka robo tatu ya kipato, pale St. Louis wapangaji wakagoma kulipa 1969. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Brooke ikaweka ukomo, kodi isizidi asilimia 25 ya kipato, baadaye 1981 ikawa 30. Kwa mpangaji ni haki. Lakini sasa mapato ya jengo yamefungwa kwenye kipato cha maskini wakati bomba linauzwa bei ile ile kwa tajiri na maskini, tofauti ile lazima itoke hazina, na hazina ikikohoa tu matengenezo ndo ya kwanza kukatwa. Kwa nini matengenezo? Kwa sababu ukikata mshahara mtu anapiga kelele kesho, ukikata bomba linapiga kelele baada ya miaka 15 na wewe ushastaafu.

#11 Karani Mstaafu
Hiyo ya mwisho inanihusu nitajifanya sijaiona.

#12 Zuwena wa Ngazi
Mhasibu umeeleza vizuri ila kuna watu walikuwa na ruzuku na bado ikaharibika. Ongeza na mji wenyewe. St. Louis ilikuwa na watu karibu 857,000 mwaka 1950, ikafika 1970 ni kama 622,000. Walijenga Pruitt-Igoe wakitegemea mji utafurika, mji ukamwagika kwenda vitongojini. Unapangisha nani? Na ubaguzi wa rangi nao usiurukwe, majengo yale Weusi walirundikwa pamoja kwa sera, na masharti ya ustawi wa jamii yalikuwa yanamnyima mama msaada kama kuna mwanaume mwenye nguvu ndani ya nyumba. Unawafukuza kina baba halafu unashangaa vijana hawana wa kuwakemea.

#13 Mwalimu wa Zamu
Hapo kwa vijana ongeza hesabu rahisi ambayo watu wa majengo huwa hawaiwazi. Robert Taylor Homes ya Chicago, majengo 28 ya ghorofa 16, ilikamilika 1962. Walijenga nyumba za vyumba vingi kwa ajili ya familia kubwa, ikawa zaidi ya theluthi mbili ya wakazi ni watoto. Mtaa wa kawaida mtu mzima ana mtoto mmoja au chini ya hapo wa kumtupia jicho, pale mtu mzima mmoja ana wawili watatu na nusu yao wako kwenye lifti wanabonyeza vitufe vyote. Lifti haikufa kwa uzee, ilikufa kwa kuchezewa. Nimefundisha miaka mingi, darasa la watoto 30 na mwalimu mmoja unalimudu, weka 90 uone kama ubunifu wa jengo utakusaidia.

#14 Jabali
Mwalimu kwa hiyo kumbe ni watoto. Tukitoka hapa tutasikia ni paka.

#15 Mwalimu wa Zamu
Wewe ulikuwa unabonyeza vitufe vyote, naona kabisa.

#16 Mchora Mistari
Nimechelewa kuingia. Kumtetea Jabali kidogo, kuna mtafiti Oscar Newman alilinganisha Pruitt-Igoe na Carr Square Village, ng'ambo ya barabara tu, nyumba za chini zilizoshikana, wapangaji wa aina ile ile, na kule kulikuwa na watu na utulivu. Hoja yake ni kwamba eneo ambalo halina mwenyewe haliangaliwi na mtu. Familia mbili zikishiriki kizingiti watakisafisha, familia ishirini zikishiriki korido hakuna wa kuisafisha. Mi sikubali kwamba umbo linaamua kila kitu, ila kusema umbo halihusiki kabisa nako ni kujifurahisha. Fundi bomba atakuambia bomba, mhasibu atakuambia hela, na mimi nitakuambia mistari, kila ndege na sauti yake.

#17 Mama wa Ghorofa ya Saba
Mnaongea kama majengo hayana watu. Nimekaa ghorofa ya 7 miaka 31, nimeingia na mtoto mgongoni sasa huyo mtoto ana watoto. Lifti ilikuwa inakaa wiki tatu imekufa, nikiwa na mimba ya pili nilikuwa napumzika ghorofa ya 4 kwa jirani, ana kiti kabisa cha wageni wa lifti, tulikuwa tunakiita stesheni. Ripoti zilizoandikwa kuhusu blok yetu zilisema uhalifu, uchafu, umaskini. Hakuna iliyoandika stesheni. Sasa walipokuja kutuhamisha tukasambazwa, mimi huku, yule wa ghorofa ya 4 mji mwingine. Nyumba niliyopewa ni nzuri siwezi kusema uongo, haina ukungu, mtoto aliyekuwa anakohoa kaacha. Nilipoitwa nirudi miaka sita baadaye sikurudi. Kwa hiyo BlokC ukihesabu wasiorudi na mimi nimo, ila hakuna aliyenifukuza. Ningerudi kwa nani?

#18 Kiti Moto
Mama shikamoo. Hii post nimeisoma mara mbili.

#19 BlokC
Asante mama, hiyo sikuiwaza. Yani anayeshindwa kurudi na asiyetaka kurudi wote wanaonekana namba moja kwenye ripoti.

#20 Wakili wa Bure
Ndiyo na wenye mradi wanapenda ichanganyike hivyo hivyo. Ila zipo sababu zisizo za hiari na zinajulikana. Ya kwanza muda, mnaambiwa miaka miwili inakuwa tisa, mtoto kamaliza shule huko alikohamia. Ya pili vyumba. Nyumba mpya nyingi zina chumba kimoja au viwili, familia ya watu saba hata ukiipa haki ya kurudi haina pa kuingia. Ya tatu masharti mapya, deni la kodi la zamani, rekodi ya polisi ya mtoto mmoja, na Chicago baadhi ya mitaa mipya ilidai watu wazima wawe wanafanya kazi saa 30 kwa wiki. Haki ya kurudi ipo kwenye karatasi, mlango umebadilishwa kitasa. Ya nne ndo kubwa kuliko zote, idadi yenyewe. Marekani ilikuwa lazima kila nyumba ya umma inayovunjwa ijengwe nyingine mbadala. Sharti hilo lilisimamishwa 1995 na likafutwa kabisa 1998, katikati ya HOPE VI, programu ya serikali kuu ya kuvunja nyumba za umma zilizochoka na kujenga upya, ambayo ilivunja nyumba zaidi ya 90,000. Sasa kama viti vimepunguzwa utawezaje kuuliza kwa nini wengine wamesimama?

#21 Karani Mstaafu
Wakili ongezea na mwaka huo huo 1998 ilipita sheria ya Faircloth, mamlaka haziruhusiwi kuzidi idadi ya nyumba za umma zilizokuwa nazo tarehe 1 Oktoba 1999. Na Chicago wapangaji waliokuwa na mkataba tarehe hiyo hiyo ndo waliopewa haki ya kurudi kwa maandishi chini ya ule mpango wao wa mwaka 2000 wa kujenga upya au kukarabati nyumba 25,000. Aliyekuwa anakaa kwa shangazi bila jina kwenye mkataba hakuhesabika kabisa.

#22 Tajiri Mtarajiwa
Mnalaumu tu. Vocha za kusaidiwa kodi mlipewa mkapange mnakotaka, mitaa ikachanganywa vipato, maskini na mwenye nacho mlango kwa mlango, ujambazi umeshuka, mnataka nini tena. Mtu akae kwenye kigofu kwa sababu ya urafiki wa ngazini?

#23 Zuwena wa Ngazi
Vocha ni karatasi mpaka apatikane mwenye nyumba wa kuipokea. Na hiyo kuchanganya vipato sikatai moja kwa moja, kuna faida, takataka zinazolewa kwa wakati maana mwenye nacho akipiga simu inapokelewa. Ila swali la hesabu, kwa nini dawa ya umaskini uliorundikana kila mara ni kupunguza maskini pale badala ya kupunguza umaskini wao?

#24 Tajiri Mtarajiwa
Maneno matamu hayo, lete hela sasa za kufanya hivyo.

#25 Mhasibu wa Zamani
Hela ndo swali la BlokC lenyewe. Mradi mwingi wa siku hizi hauna hela ya umma ya kutosha, kwa hiyo unajenga nyumba za kuuza ili faida yake ilipie za kupangisha kwa kodi ndogo. Maana yake kila nyumba ya maskini inabebwa na moja mbili za sokoni. Kwanza inabidi urundike nyumba nyingi kwenye eneo lile lile. Pili soko likiyumba mwendelezaji anarudi mezani anasema hesabu hazitoki tupunguze za kodi ndogo, na atapunguziwa kwa sababu nusu ya mtaa ushabomolewa, nani atabaki na shimo. Siyo lazima awepo mtu mbaya. Mkataba wenyewe umekaa kwa mteremko.

#26 Jabali
Hapa kwa mara ya kwanza nakubali bila kutania.

#27 Mchora Mistari
Nirudi kwa Fundi Bomba #8. Mbona tunaongea kama chaguo ni kuvunja au kuoza? Bordeaux Ufaransa kuna mtaa wa Grand Parc, majengo matatu ya miaka ya 60, nyumba 530. Wasanifu Lacaton na Vassal na wenzao hawakuvunja, walichomeka mbele ya jengo fremu inayojitegemea yenye sakafu mpya, kila nyumba ikapata kama sebule ya vioo yenye kina cha karibu mita 4 na kibaraza, wakabadilisha mabafu, lifti, nyaya. Na wapangaji walibaki humo humo ndani. Kazi ilikwisha 2016 au hapo karibu, 2019 wakapata tuzo ya usanifu ya Mies van der Rohe na 2021 wawili hao wakapata Pritzker, tuzo nyingine kubwa ya usanifu. Msimamo wao ni usivunje kamwe, ongeza. Na kuna hewa ukaa iliyokwishatumika kutengeneza lile zege, ukilivunja umeitupa halafu unatengeneza nyingine.

#28 Fundi Bomba
Nimeona picha zake ni kazi safi sina la kusema. Lakini mfupa wa jengo uwe mzima. Ukipewa Ronan Point ya London utachomeka nini? Ile ilikuwa ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani vikapangwa kama karata, ghorofa 22, Mei 1968 mama kawasha jiko ghorofa ya 18 gesi ikalipuka, kona nzima ya jengo ikashuka mpaka chini, watu 4 wakafa na jengo lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu. Walipokuja kulibomoa 1986 kwa kulifungua kipande kipande wakakuta viungo vimejazwa ovyo. Kwa hiyo kabla ya kupenda au kuchukia, pima. Toboa zege upeleke maabara. Na hata kukarabati kunaua, Grenfell Tower, London hiyo hiyo, ilikuwa ya 1974, ikakaa miaka 40 na kitu, wakaivisha vibao vya nje vipya mwaka 2016 ipendeze na ihifadhi joto, Juni 2017 moto ukapanda kwenye hivyo vibao wakafa watu 72. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa moto kabla. Mimi nikiona jengo linavishwa nguo mpya naulizia kitambaa.

#29 Kiti Moto
Leo nimejifunza zaidi ya mwaka mzima wa shule, samahani Mwalimu.

#30 Mwalimu wa Zamu
Kaa kimya nyuma huko.

#31 Njiwa Manga
Mmesahau Bijlmermeer Amsterdam. Maghorofa ya ghorofa kama 10 yaliyojipinda kama sega la nyuki, miaka ya 60 na 70, magari juu na watu chini kwenye bustani, kwenye karatasi ni pepo. Tabaka la kati walilojengewa hawakuja, wakaja wahamiaji. 1992 ndege ya mizigo ya El Al ikaangukia majengo mawili, waliokufa 43. Baada ya hapo wakavunja sehemu kubwa. Lakini jengo moja, Kleiburg, mita 400, nyumba 500, lilikuwa livunjwe, likauzwa kwa kikundi kwa euro moja, wao wakatengeneza mfupa, lifti na korido, ndani wakaacha tupu mnunuzi amalizie mwenyewe kwa bei ya chini. 2017 likapata tuzo hiyo hiyo aliyoisema Mchora Mistari.

#32 Wakili wa Bure
Njiwa zuri sana ila tuwe wakweli, Kleiburg waliponya jengo, lilitoka kwenye kupangishwa kijamii likawa la kuuza. Park Hill ya Sheffield hivyo hivyo, 1961, nyumba karibu 1,000, 1998 ikawekwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa yasivunjwe, zege limelindwa na limepakwa rangi, wapangaji wengi wa zamani hawamo. Kutovunja siyo lazima iwe ndo kubaki.

#33 Mpenda Mpangilio
Angalieni Singapore hawana porojo hizi. Serikali inavunja blok zee, inakupa nyumba mpya jirani hapo hapo na hati mpya ya miaka 99, mtaa mzima unahama pamoja. Tangu 1995. Kila mtu anangoja blok yake ichaguliwe kama bahati nasibu.

#34 Karani Mstaafu
Mpenda Mpangilio, mpango huo wa SERS ni mzuri kwelikweli, ila "kila mtu" hapana. 2018 serikali yenyewe ilisema kama asilimia 5 tu ya nyumba ndo zinafaa, zile zilizo kwenye ardhi yenye thamani ambapo ukivunja ghorofa 10 ukapandisha 40 hela inarudi. Zingine nyingi zitafikia mwisho wa ile miaka 99. Na wale siyo wapangaji wa kipato cha chini, wamenunua, wana kitu cha kufidiwa. Kinachofaa kuigwa mi naona ni kingine, ukarabati wa ndani ya nyumba zao haufanyiki mpaka asilimia 75 ya kaya zenye haki zipige kura ya ndiyo.

#35 Wakili wa Bure
London nao tangu Julai 2018 mradi unaoomba fedha za meya, ukiwa na ubomoaji na nyumba mpya 150 au zaidi, lazima wakazi wapige kura kwanza. Kura nyingi zimepita kwa ndiyo, msisahau hilo, watu wamechoka na ukungu. Ukimuuliza aliyekaa miaka 20 na ukungu kama anataka nyumba mpya atasema nini? Karatasi ya kura huwa na ndiyo na hapana, kisanduku cha "itengenezeni hii kama mlivyotakiwa tangu zamani" hakimo.

#36 Dukani kwa Kona
Mimi niulize upande mwingine, mnaongea nyumba tu. Nilikuwa na kiduka chini ya blok za umma, wateja wangu wote wanakaa juu yangu. Walipoanza kuhamisha watu hawakuhamisha wote siku moja, leo kumi mwezi ujao thelathini, taa za madirishani zinazimika moja moja. Mpangaji wa nyumba analipwa kuhama, mimi wa duka niliambiwa mkataba wangu ni wa mwezi kwa mwezi. Mtaa mpya una fremu za vioo nzuri kodi yake mara nne. Shule pale ilipoteza watoto ikaunganishwa na nyingine, zahanati ikapunguza siku. Waliporudi wale wachache hakuna duka hakuna shule hakuna zahanati. Halafu inaitwa kufufua mtaa.

#37 Mchora Mistari
Pole. Hilo ndo lilifanya Wamarekani wabadilishe HOPE VI kuwa Choice Neighborhoods 2010, angalau kwa maneno, kwamba nyumba, watu na mtaa viende pamoja, shule na usafiri ndani yake. Na kwenye mistari pia wanarudisha barabara za kawaida zikate katikati, maana zile blok za zamani zilifunga mitaa zikawa kisiwa, hakuna mpita njia, duka litauza kwa nani. Tazama Techwood Homes ya Atlanta, ya 1936, nyumba za umma za mwanzo kabisa za serikali kuu Marekani. Ili ijengwe walivunja mtaa wa maskini ulioitwa Techwood Flats, na waliovunjiwa wengi hawakuwa na kipato cha kuingia nyumba mpya. Ikaja Olimpiki ya 1996 wakaivunja Techwood nayo. Ardhi moja, wamehamishwa mara mbili ndani ya miaka 60, na mara zote mbili ilikuwa kwa faida yao.

#38 Tajiri Mtarajiwa
Ila ilipendeza.

#39 Zuwena wa Ngazi
Huyu jamaa 😂

#40 BlokC
Wakuu nilikuwa sijasema kitu. Nimeuliza kwa sababu barua imepitishwa chini ya mlango wetu wiki iliyopita. Inasema "fursa ya kuboreshewa makazi". Mkutano Alhamisi. Mama yangu kaisoma mara moja kaiweka chini ya Biblia, hataki kuizungumzia. Blok yetu Fundi, plasta ya baraza inadondoka kama ulivyosema, miaka mitatu sasa. Niende niulize nini?

#41 Fundi Bomba
Uliza ripoti ya uchunguzi wa zege, siyo muhtasari, yenyewe, nani alipima na alitoboa sehemu ngapi. Kama hakuna ripoti basi uamuzi wa kuvunja haukutoka kwenye zege.

#42 Mhasibu wa Zamani
Uliza gharama ya kukarabati ilipigwaje, na kama ndani yake wameweka matengenezo ambayo tayari walitakiwa wayafanye. Uliza pia kodi na gharama za huduma za nyumba mpya, kodi inaweza kubaki ile ile halafu umeme wa lifti na ulinzi ukaja kwa ankara nyingine.

#43 Wakili wa Bure
Jina la kila anayelala humo liingie kwenye mkataba kabla ya Alhamisi kama inawezekana, kumbuka wa kwa shangazi. Idadi ya nyumba za kodi yenu na vyumba vyake iandikwe kwenye mkataba, siyo kwenye brosha. Na wajenge kwanza kwenye eneo tupu ndo mhame mara moja tu, nani alishawahi kufaulu kuhama mara mbili akarudi.

#44 Jabali
Na chumba mpewe chenye mlango unaotazama barabara. Sibadiliki mimi.

#45 Mama wa Ghorofa ya Saba
Mwanangu, muulize mama yako anataka akae jirani na nani. Andika majina. Mkienda mezani mwende na hiyo karatasi, sisi tulikwenda kila mtu na barua yake.

#46 BlokC
Asanteni sana wote. Nimeuliza, katoa majina manne bila kufikiri, la tano akasita akasema huyo wekeni mbali kidogo anapiga redio.

#47 Kiti Moto
Huyo wa redio ni yule wa kabati saa nane usiku, mleteni kwangu tuzoeane.

#48 Mchora Mistari
BlokC hiyo barua imekuja na picha ya mtaa mpya? Angalia blok yenu iko wapi kwenye picha.

#49 BlokC
Ninayo hapa. Pale ilipo blok yetu wamechora miti, na mtu anatembeza mbwa.